Usiiombee Radhi Mikau ya Kyuso

Kuna siku moja ya kiangazi ambayo siisahau, mjukuu wangu, na imenirudia tangu Jumamosi ulipomleta yule msichana rafiki yako kutoka Nairobi. Hata hajashuka vizuri kwenye gari, nikakusikia ukimwambia, "Sori, huku kwetu ni jangwa tu." Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni. Leo mgeni hayupo, kwa hivyo kaa hapa unisikilize.

Nilikuwa na umri kama wako nilipomchumbia nyanya yako Kalekye. Kwao ni Makueni, kule milimani kwenye migomba na chemichemi. Kabla ya kupokea mbuzi wa ntheo, wale wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana ili uchumba utambulike, shangazi yake alisema lazima kwanza aone msichana anapelekwa wapi. Akaja huku kwetu Kyuso mwezi wa tisa. Unajua kunavyokuwa wakati huo: vumbi, na pori lote la kijivu. Shangazi, mama mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alisimama uwanjani akazungusha macho.

"Sasa huku msichana wetu atakula nini? Mawe?"

Nikainamisha kichwa. "Tusamehe, mama. Nchi yetu ni kavu."

Moyo uliniuma, maana niliona Kalekye ananiponyoka. Mama yangu, aliyekuwa akikoroga uji, akaweka mwiko chini.

"Wewe Mutua, nani amekutuma uombe msamaha juu ya miti yangu?"

Mbele ya mgeni! Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yeye alikuwa ameshamshika shangazi mkono.

Kwanza alimpa uji wa mawele uliotiwa ukwaju wa mti wetu wa pale mtoni. Shangazi akanywa, akaomba kuongezewa. Akaonyeshwa mzinga wa nyuki uliochongwa kwa gogo la mti wa mukau, mzee kuliko mimi, na mchwa hawajaugusa. Kisha wakafika kwenye mikau yenyewe, nyuma ya zizi. Mwanangu, hakukuwa na hata dalili ya wingu, lakini mikau ilikuwa imechipua majani mabichi, laini, miti mingine yote ikiwa bado imelala. Mama akakata tawi, akawatupia mbuzi.

Wakaja mbio. Hao ndio walikuwa mbuzi wetu wa ntheo. Shangazi akampapasa mmoja mgongoni akitafuta mfupa, asiupate.

"Hii mti inajua mvua kabla ya redio," mama akasema.

 Shangazi akaingia zizini, akachuchumaa na kitenge chake kizuri, akaanza kuokota kokwa za mukau zilizotemwa na mbuzi na kuzifunga kwenye pindo la leso. "Nitajaribu kupanda kwetu," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. Hapo nikajua nimepata mke. Tangu siku hiyo natembea kifua mbele, na sina mpango wa kuacha.

Basi, mwanangu, ukileta mgeni usianze na sori. Mpe uji, mtembeze, mtajie miti kwa majina. Kama majina huyajui, njoo nikufundishe, kwa sababu hiyo ndiyo aibu pekee ninayoiona katika boma hili. Na watu wa lori la mkaa wakija kutaka miti yetu na kukwambia hiki ni kichaka tu, waonyeshe njia ya kurudi barabarani.

Halafu kuna jambo hukuliona. Ulipopanda kilimani kutafuta mtandao, yule msichana aliniuliza mti wenye maua yanayonukia unaitwaje. Nikamwambia ni mukau. Akaenda mwenyewe mpaka zizini, akaokota kokwa, akazitia mfukoni.

Mpigie simu, mwanangu. Na Mungu akubariki, uchipue hata kabla ya mvua, na mbuzi wako wa ntheo wasikose majani.