Sinema ya mji ilipokata sauti Bagamoyo, tukaitia sauti zetu

Wakuu, habari za wakati huu. Nitaeleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza. Shule yangu iliishia darasa la saba, mnivumilie.

Juzi tumesoma hitima ya kaka yangu Shomari. Watu walipotawanyika, mjukuu akawa anacheza gemu la mji kwenye simu. Honi, ving'ora. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Ni hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini gari la sinema lilikuja kwetu, na picha ya mji mkubwa. Shomari alikuwa haoni tangu surua ya utotoni, na Dar hajafika. Akasema anakwenda kuusikiliza mji. Akavaa kanzu ya Idi kabisa.

Picha ikaanza. Magari, maghorofa, watu kama siafu. Mara spika ikakata. Fundi akaigongagonga, wapi.

Shomari akainuka. "Nirudishe nyumbani, mdogo wangu. Mji wenyewe umekufa."

Iliniuma sana.

Jirani yetu Bi Mwanahawa, muuza vitumbua, akamvuta kanzu. "Kaa kitako. Utagongwa na lori hilo." Akanguruma kama lori bovu.

Basi uwanja mzima ukaingia kazini. Mtu akivuka barabara, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Nyuma huko mmoja akalia kama punda. (Punda hakuwemo pichani, nasema kweli.)

Likatokea ghorofa refu. Tukakwama, maana hakuna aliyejua ghorofa linaliaje.

Bi Mwanahawa akaamua: "Juu wanatwanga." Akaanza kupiga mapaja, puu, puu, kama mchi kwenye kinu.

"Wanatwanga nini?" akauliza Shomari.

"Kisamvu."

"Basi ni watu, hao."

Kesho yake spika ikapona, picha ikarudiwa. Fidla, honi, viatu vya kisigino. Shomari akasikiliza kidogo. "Huu mji gani tena? Mbona hawali?"

Watu wakacheka, kisha mmoja akasema, "Fundi, zima sauti." Wakadakia wote. Fundi akazima huku akitikisa kichwa, nasi tukaanza upya.

Nilichojifunza: macho yanakuonyesha mji, lakini sikio ndilo linalokupa pa kukaa.

Kaka amezikwa bila kufika Dar. Ila enzi za uhai wake, ukimuuliza alikuwa anakujibu kwamba amewahi kuishi mji mkubwa, siku mbili, na majirani zake walikuwa wazuri.

Nanyi wakuu, mji wa kwanza kuujua kwa sinema ulikuwa unaliaje? Semeni, nipo nasoma.