Kiganja cha Mama

Picha ya mama yangu iliyobaki ni moja tu, na ndani yake haonekani. Kinachoonekana ni kiganja chake chenye hina, kimeinuliwa mbele ya kamera kama cha askari wa barabarani, na nyuma yake mtandio na kipande cha sikio. Alifariki nikiwa na miaka mitatu na uso wake siukumbuki. Nililelewa kijijini Sangailu na mdogo wake, ambaye kwa Kisomali namwita habaryar, na kila nilipomuuliza jinsi mama alivyofanana, alinijibu, "Alikuwa mzuri," jibu lisilomsaidia mtu.

Urithi wangu kutoka kwa mama ni huo mkono. Nikiona kamera, unapanda wenyewe. Picha za harusi yangu ni mkono mtupu. Katika picha za ofisini nimejibanza nyuma ya mwenzangu yeyote mwenye mwili. Kitambulisho pekee ndicho kilichonishinda, na humo nimetoka kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Ningeendelea hivyo bila kujali. Lakini mwaka huu binti yangu wa miaka saba aliitoa ile picha kabatini, akaigeuza huku na huku, akauliza, "Hooyo, ayeeyo alikuwa na uso?" Hooyo ni mama, ayeeyo ni bibi. Kabla sijajibu akaongeza, "Na wewe ukifa, watoto wangu nitawaonyesha mkono gani wa bibi yao?"

Watoto hawana huruma. Nililia jikoni kidogo, nikanawa, nikampigia simu binti wa mjomba.

Binti wa mjomba ni mpiga picha. Alizaliwa Nairobi na Kisomali chake ni cha kuombea maji, kwa hiyo sote huzungumza naye Kiswahili. Utaalamu wake, anavyojisifu mwenyewe, ni picha za nje za watu wenye haya, kwa mtindo wa malishoni: gauni refu la maua madogo madogo, kofia ya ukili, kapu la maua, nyasi, mbuzi. Nikamwambia nimechunga mbuzi utoto wangu wote na sijamwona mchungaji aliyebeba kapu la maua.

"Abaayo, wewe kuja tu," alisema, akiniita dada kwa Kisomali. "Hiyo ubishi acha home."

Mbuzi walikuwa wa habaryar, ambaye siku hizi tunaishi naye mtaa wa Galbet, mjini Garissa, na anafuga watano uani. Alikubali kuwatoa kwa sharti kwamba naye aje. Sikujidanganya kwamba anakuja kwa ajili yangu. Basi asubuhi moja, kabla jua halijawa kali, tulifika kwenye shamba kando ya Mto Tana: wanawake watatu, mtoto mmoja, mbuzi watano, na kofia iliyokataa katakata kukaa juu ya hijabu.

Niliambiwa niegemee ua wa miti. Niliambiwa nitazame mbali kama ninayekumbuka jambo tamu, nami nikakumbuka nguo nilizoacha zimelowekwa. Kamera ikiinuka, mkono nao unainuka. Binti wa mjomba hakosi mbinu. Alinishikisha kapu mkono wa kulia, nikainua wa kushoto. Akaliweka kapu chini, akanipa kitoto cha mbuzi nikikumbatie kwa mikono yote miwili. Nikajificha nyuma ya kitoto cha mbuzi.

"Shusha mbuzi, abaayo," aliniomba. "Hii picha si yake."

Binti yangu alikuwa ameketi nyasini akinitazama. Hakucheka hata mara moja. Nikaona kwamba ameanza kukata tamaa, na nikapatwa na aibu nyingine kabisa, ile inayochoma. Nikamweka mbuzi chini nikitaka kusema twende nyumbani.

Ndipo habaryar alipopiga ukelele. "Wewe msichana ya Nairobi! Hiyo maua ni blastiki?"

"Ni plastiki, eddo," alijibu binti wa mjomba, akimwita shangazi, "lakini..."

"Mbuzi yangu anakula! Wallahi atakufa!"

Mbuzi jike wa rangi ya kahawia, mwenye mimba, alikuwa kwenye kapu, na waridi moja lilikuwa limeshaanza safari ya kooni. Garissa hii kila mtu amewahi kuona mbuzi aliyekufa kwa plastiki tumboni. Sikufikiri. Nilitupa kofia, nikambana mbuzi kwa magoti, nikamtanua taya kwa mkono mmoja na kuuzamisha wa pili mdomoni, huku nikimfokea kwa Kisomali cha Sangailu ambacho ofisini hawajawahi kukisikia: mlafi wewe, mwizi, binti wa mwizi, nani alikwambia hii ni nyasi? Waridi likatoka limelowa mate. Nikaliangalia, nikacheka kwa sauti. Kamera sikuisikia.

Binti wa mjomba alikuja akatuonyesha kioo cha kamera. Gauni limejaa vumbi, hijabu imekwenda upande, mdomo wazi, meno yote nje. Nilitaka kumwambia aifute, lakini habaryar alishaichukua kamera na kuisogeza karibu na macho. Kisha akaketi chini palepale. Nikadhani bado ana hasira kwa ajili ya mbuzi.

Akamwita binti yangu kwa Kisomali. "Njoo. Si ulikuwa unauliza uso wa ayeeyo wako?" Akaweka kidole kwenye mdomo wangu ulio wazi. "Ndiye huyu. Hivi hivi alikuwa akiwafokea mbuzi, mpaka majirani wanatoka nje kuona nani anauawa."

Miaka yote hiyo, kwa sababu ya kile kiganja, nilidhani mama alikuwa mtu mkimya. Nikaipokea kamera na kumtazama mpaka kioo kikazimika. Nikamwomba binti wa mjomba akiwashe tena.