Kufuli za Wanza

Wanza hupiga picha kwa kifundo cha kidole. Ncha za vidole vyake zimeliwa na sabuni mpaka simu haizisikii tena, kwa hivyo anakunja kidole na kugonga kioo kama mtu anayebisha hodi. Mara ya kwanza kumwona nilidhani ameikasirikia simu.

Yeye ni mama fua. Anaishi Kongo, kule Kawangware, na wengine anaowafulia wako huku kwetu Kianda. Anatembea, mfuko wake wa kijani begani, ndani mna leso na patipati, ndala za kuvaa akifua. Ken, anayetengeneza simu hapa Kianda, alimbadilishia kioo mwezi wa pili, akaona picha zake, akamwambia, "Mathe, kuja Jumapili saa tisa. Tuko na kagrupu."

Kagrupu kenyewe ni sisi watu saba. Tunaketi kwa kibanda cha Ken, kila mtu na picha tatu za wiki, Ken anaziweka kwa televisheni, halafu zinatumwa kwa grupu yetu ya simu. Duncan anaendesha lori la unga, huleta ukungu wa Mau na malori yaliyojipanga Busia. Sella huleta watoto wake wakiwa na nguo za kanisa. Mimi, mdogo kuliko wote, huleta paka. Sheria ni moja: mwenye picha haongei mpaka wengine wote wamalize kuisema. Iliwekwa kwa ajili ya Duncan, maana picha moja ya lori ilikuwa inakula saa nzima.

Wanza alileta kufuli. Kufuli yenye kutu kwa mlango wa bluu, kufuli mbili kwa komeo moja, kufuli iliyofungwa karatasi ya nailoni isinyeshewe.

"Sasa hii ni picha ama ni ripoti ya polisi?" Duncan aliuliza, tukacheka.

"Wacha ujinga," Ken akasema. "Cheki hiyo kutu, ni kama ramani ya ziwa."

Tulipomaliza, Wanza alisema asante tu. Jumapili iliyofuata alileta kufuli zingine tatu. Na iliyofuata.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliacha darasa la sita, na tangu hapo nimejifunza zaidi kwa kuangalia. Nikaanza kuangalia zile kufuli. Mlango uliofungwa kufuli kwa nje maana yake ndani hakuna mtu. Nani anazunguka mitaa miwili akikusanya nyumba zisizo na watu? Kwa kila picha, chini kushoto, kulikuwa na ule mfuko wa kijani umewekwa chini, kama mtu aliyekuja kukaa. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimehesabu milango thelathini na sita. Sikumwambia mtu. Lakini Wanza akiingia, nilikuwa naivuta simu yangu karibu.

Halafu Ijumaa moja, mchana, kufuli ya Sella ilikatwa na mtungi wake wa gesi ukaenda.

Jumapili hiyo picha ya tatu ya Wanza ilipokuja kwa televisheni, ilikuwa mlango wa kijani, stika ya kanisa imebanduka nusu, kufuli ya shaba, na juu tarehe ya Alhamisi.

Sella alisimama. "Huo ni mlango wangu."

Wanza akafungua mdomo.

"Bado!" Duncan alimnyooshea kidole. "Sheria ni sheria. Hatujamaliza."

Wanza alimwangalia Ken. Ken aliangalia televisheni.

"Kila wiki nyumba za watu zikiwa tupu," Duncan akaendelea, "na sisi tuko hapa tunasifu kutu! Manze, tumechezwa."

"Imepigwa Alhamisi," Sella alisema. "Gesi imeibwa Ijumaa. Mniambie mimi ni mjinga."

Alienda mlangoni. Nje vijana walikuwa wamejaa, wanangoja mpira. Mtu akiitwa mwizi kwa sauti hapo njiani Jumapili, hakuna anayeuliza swali la pili. Sote tulijua hivyo, na Wanza alijua kutushinda. Alikuwa ameficha mikono chini ya leso. Ken aliruka akavuta mlango nusu.

"Sella, ngoja kwanza. Tafadhali. Ukiita hao, hakuna kurudi nyuma."

Hakuna aliyemtetea. Mimi pia sikumtetea, kwa sababu nilikuwa nimeshaamini.

"Haya, tumemaliza," Duncan akasema. "Ongea sasa."

Wanza alichukua simu yake, ikiwa bado imeungwa na televisheni, akagonga kwa kifundo mpaka zikatokea jumbe za Sella. Tukazisoma wote, kubwa, ukutani.

Ya Jumatano jioni: *Wanza kesho kuja saa tatu ufue blanketi.*

Ya Alhamisi jioni: *Kwani hukukuja? Nimetafuta mwingine.*

Kisha akarudisha picha ya mlango na saa yake. Alhamisi, saa tatu na dakika kumi.

"Mtu ananiita," Wanza alisema, "natembea kutoka Kawangware, napata amefunga, ameenda. Jioni ananiambia sikukuja, na kwa ploti nzima anasema mimi ni mvivu. Ndiyo nikaanza kupiga. Niko na milango mingi. Baadaye nikaanza kuona picha zingine ni nzuri."

Sella aliketi. "Nilikuwa nimetoka kidogo tu, kliniki," alisema, lakini hakuwa anaongea na mtu. Halafu akainua kichwa. "Na Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Kawangware. Nafua."

"Nani alikuona?"

"Nguo," Wanza alisema. "Wenyewe walikuwa kazini."

Duncan alicheka kidogo, akaacha. Ken alisema yaishe, akazima televisheni. Wanza alivaa mfuko wake begani. "Basi Jumapili," akasema, akatoka.

Wiki hiyo nilifungua picha zake zote tena kwa simu. Mfuko chini kushoto. Patipati zikichungulia. Mtu aliyekuja kukaa, ndiyo, kwa sababu alikuwa ameitwa.

Jumamosi Ken alinitumia ujumbe, si kwa grupu, kwangu peke yangu. Kila mtu alitumiwa wake. *Kesho tuko Makina, hoteli ya binamu ya Sella, nyuma ya msikiti. Tusiseme kwa grupu. Wasee hawako sure na yule mathe.* Niliusoma mara mbili. Jumapili nilienda.

Tulikuwa tumeagiza chai, Duncan anatuonyesha daraja fulani la Malaba, wakati simu zetu sita zililia pamoja. Ilikuwa picha, kwa grupu.

Kibanda cha Ken. Ile kufuli yake nyeusi, imefungwa. Chini kushoto, mfuko wa kijani, na patipati. Saa tisa na dakika nne.

Hakukuwa na maneno chini yake. Mwenye picha haongei mpaka wengine wamalize.

"Si amekuja," Duncan alisema polepole.

Ken aliigeuza simu yake juu ya meza, kioo chini. Sella alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeisha kuyeyuka kitambo. Nilingoja mtu mkubwa aanze. Nikahesabu mpaka ishirini, kisha nikachukua simu.

Niliandika: *Kufuli ni ya Ken. Mfuko ni wako. Anti, ulikuja kwa wakati.*

Sella alinyoosha shingo. "Celine, unamwandikia nani?"

Nilituma kwanza.

"Anti Wanza," nikasema. "Sasa namwelekeza hapa."