Muhogo Usio na Jina

Bibi shamba wetu hapa Chamazi bado binti, lakini hata wazee humwita bibi, na yeye huwaamkia shikamoo huku kachuchumaa, mkono tayari unapekua majani ya mihogo kutafuta ugonjwa. Kucha zake hazikosi udongo. Mihogo yetu ya zamani ilikuwa inaozea ardhini, akatuletea mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti, kila kijiti kimeandikwa namba kwa kalamu nene. “Hauna hata jina,” alisema Bi Tabu, mkongwe wa mtaa wetu, akaupanda kule nyuma ya choo. Bibi shamba hakubisha. Habishagi.

Siku ya kuvuna aliazima sufuria, akaupika muhogo ule kwa tui la nazi hapo hapo uani kwa Bi Tabu. Bi Tabu akaonja, akachukua kipande cha pili. “Laini huu. Hata mie nisiye na meno nauweza,” akasema. “Tuuite Kibogoyo.”

Sie tukacheka. Bibi shamba akaokota kijiti cha mbegu kilichong'oka na muhogo, akaikwangua namba kwa ukucha mpaka ikafutika, kisha akauliza taratibu, “Bibi, nikukatie vijiti vingapi vya Kibogoyo?”