Kengele ya Saa Moja

Mama Vifungo, fundi cherehani, alikuwa mtu mwema, nami simsengenyi, lakini mwaka ule kijicho kilimwingia mpaka kwenye mifupa. Na aliyemwonea kijicho si jirani wala mke mwenza. Ni mdogo wake wa tumbo moja, msusi, waliyepanga naye vyumba viwili vya ukuta mmoja.

Wote wawili waliishi na virusi vya UKIMWI, mwaka wa kumi na moja huo. Simu ya mkubwa ilikuwa imekufa spika, basi saa moja asubuhi ikilia kengele ya mdogo, wote humeza. Mkubwa akishameza hugonga ukuta, ndipo mdogo azime.

Kliniki ikaleta utafiti wa sindano ya kila miezi miwili, badala ya vidonge vya kila siku. Wakaenda wameshikana mikono. Wakaambiwa waziwazi: kompyuta itapiga kura, nusu wapate sindano, nusu wabaki na vidonge, habembelezwi mtu. Mdogo akapata sindano. Mkubwa akarudi na kopo lake lile lile.

"Pole, dada."

"Pole ya nini? Nimefiwa?"

Wivu ukaanza kumla. Mdogo akicheka, anaringa. Akinyamaza, anaringa kimyakimya. Tangu lini kitinda mimba akapakuliwa kwanza? Na lililomuudhi kupita yote ni ile kengele: mtu hamezi tena kidonge, lakini saa moja simu yake inalia vile vile nyuma ya ukuta. Mama Vifungo akasusa kugonga. Kengele ikawa inalia mpaka inachoka yenyewe.

"Ananicheka huyu," alisema, akikanyaga cherehani kwa hasira. "Ananisimanga kwa kopo langu."

Ndipo akajipikia wazo. Vidonge vikishindwa, si watampa sindano? Akaacha kumeza. Alijua muuguzi huhesabu vinavyobaki koponi, kwa hiyo kila asubuhi alitoa kimoja akakitumbukiza kwenye mkebe wa vifungo. Miezi mitatu mizima! Ee mama, muuguzi utamdanganya, damu je?

Siku ya kliniki muuguzi alimwaga vidonge kwenye sinia, akahesabu, hesabu ikatimia. Damu ikachukuliwa. Wiki iliyofuata akaitwa.

"Mama, vidonge vimetimia, lakini virusi vimepanda. Miaka yote hii kipimo hakikuviona."

"Basi nipeni sindano."

Muuguzi akavua miwani. "Katika utafiti huu sindano anapewa ambaye vidonge vimeshatuliza virusi vyake. Mwezi ujao wenzako wa vidonge wote wanahamia huko. Na wewe ulikuwa kwenye orodha." Akakunja karatasi. "Sasa itabidi tupime tena, tujue kama virusi havijaizoea dawa."

Mama Vifungo alilia kabla hajakumbuka kukaa. Akasema yote, mpaka mkebe. Muuguzi hakumgombeza. Alimpa kopo jipya, akamwambia aanze kesho asubuhi, asiruke hata siku moja.

Nyumbani alimkuta mdogo wake mlangoni, anachambua nywele za bandia. Akamsimulia bila kuficha, huku roho inamuuma.

"Haya, cheka basi. Si ndiyo raha yako, kunilizia kengele kila siku na wewe humezi kitu?"

Mdogo akaziweka nywele chini. "Dada, simu yako haina sauti. Ningeizima, nani angekukumbusha?"

"Na ulivyoona sigongi?"

"Nikajua umeninunia. Nikasema ninuniwe, mradi dawa anameza."

Mama Vifungo akakosa pa kuweka uso. Alitamani amgombeze, angalau kidogo, kwa kuwa mwema kiasi kile.

Kesho yake saa moja kengele ikalia. Alimeza kidonge, akasimama karibu na ukuta kitambo, mkono hewani, aibu imemjaa. Kengele iliendelea kulia. Akagonga, na upande wa pili ikazimwa.