Jaketi la Bi Tausi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, haikuwa ya harusi wala ya mazishi. Ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Nipo mezani nakata kitambaa, na mwanamke mmoja wa kijiji cha Mwamgongo akanieleza jambo la kweli nisilisikie.

Nilikuwa fundi mkataji kwenye karakana ndogo hapa Kigoma. Tulikuwa watu wanne tu. Tulitengeneza makasia, mitumbwi midogo ya michezo, na majaketi ya kuelea kwa wageni waliokuja kuogelea ziwani. Mwenye karakana alikuwa Mama Anastazia, mjane aliyeletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mtoto. Hakuwa msemaji sana. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kusomea ushonaji Dar es Salaam, na cheti changu nilikibandika ukutani juu ya cherehani. Ujana una mambo.

Majaketi yetu yalipoanza kupendwa, wanawake wanaouza dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi nao wakanunua, maana safari zao zote ni za boti. Bi Tausi alikuwa mmoja wao. Siku hiyo aliweka lake mezani pangu, akasema, "Fundi, nikiingia majini hiki kitu kinapanda mpaka masikioni."

Nikamuuliza kama anafunga mikanda yote. Ilikuwapo miwili ya kupitisha katikati ya miguu, na ndiyo iliyozuia jaketi lisipande. Akacheka kidogo. "Na kanga hii niipeleke wapi?"

Nami nikamjibu jibu ninalolionea aibu mpaka leo: "Wazungu wanavaa hilihili na hawalalamiki. Labda wewe ndiye hujui kulivaa."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini aliyejikwaa dole huona damu. Mimi sikuona kitu, nikaendelea kukata. Bi Tausi alilichukua jaketi lake akaondoka.

Hazikupita wiki mbili. Boti yao ilikuwa inakaribia Kibirizi, ziwa limechafuka, wimbi likaipiga ubavuni na Bi Tausi akatumbukia. Jaketi likampanda usoni. Mchukuzi mmoja akaruka, akalishika, akavuta kwa nguvu; akabaki na jaketi mkononi, Bi Tausi akazama. Mchukuzi wa pili ndiye aliyemdaka mkono. Bi Tausi alilazwa hospitali siku tatu, akapona.

Yule mchukuzi wa kwanza alituletea jaketi karakanani. Mama Anastazia akaligeuzageuza, akaniuliza kama kuna mtu aliwahi kulilalamikia. Ningeweza kusema hapana, na asingejua. Nikamwambia kweli, pamoja na maneno niliyomjibu Bi Tausi.

Akaliweka jaketi mezani. "Mwana wanje," akaniita kwa lugha ya kwao, yaani mwanangu, "umewahi kuvaa kanga ukaingia ziwani?"

"Hapana, Mama."

"Basi aliyekuja hapa alikuwa mwalimu wako, ukamfukuza. Akitoka hospitali, panda boti uende Mwamgongo. Futi yako chukua. Mdomo uache hapa."

Nilimkuta Bi Tausi anaanika dagaa. Nikamwamkia, nikamwomba radhi. Hakuinua kichwa.

"Sikuja kwako kutafuta pole," akasema. "Nilikuja kutafuta jaketi."

Nikakaa pale pale kwenye kokoto. Jua lilipokuwa kali akanihurumia, akawaita wenzake wawili, wakaingia majini na kanga zao wakanionyesha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kifua cha mwanamke kinalisukuma jaketi juu, na mimi nilikuwa nimekata yote kwa kipimo cha kifua changu cha kiume. Mmoja wao akasema, "Mtoto tunamfunga mgongoni kwa mbeleko na hatelezi. Kwa nini hili lisifungwe vile?"

Tukashona mkanda mpana wa kuzunguka kiuno. Wa kwanza ulilegea ulipolowa. Wa pili uliwabana mbavu wakashindwa kupumua. Sijui nilipanda boti ya Mwamgongo mara ngapi. Mwishowe Bi Tausi akajirusha mwenyewe majini, akaibuka kidevu kikiwa juu ya maji, akasema tu, "Hili sasa ni langu." Mpaka leo karakana inakata jaketi la namna ile, na mimi kila anayeliulizia humwambia limebuniwa na wanawake watatu wa Mwamgongo.

Basi mwanangu, shika hili. Mtu akikuletea kasoro ya kazi yako, mpe kiti. Amefunga safari, ameacha shughuli zake, amekuja kukuambia usichokijua. Usimjibu kabla hujajiweka mahali pake. Na ukikosea, sema umekosea, kisha tengeneza. Pole peke yake haimfanyi mtu aelee majini.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa sifa. Mikono yako isimwangushe aliyeiamini, na kila aingiaye majini na kazi yako arudi salama kwa watoto wake.