Nilipima kwa rula umbali wa kituo cha basi Great Barr, jirani akatuonyesha njia ya ng'ombe

Wakuu, salaam kwenu. Naandika niliyoyapima kwa miguu yangu mwenyewe. Nisipokumbuka kitu, nitasema sikumbuki.

Kuna mdau alileta uzi kuhusu Atlanta, jinsi vitongoji vinavyotanuka hadi mtu asiye na gari anashindwa kufuata hata mkate. Umenikumbusha Birmingham, Uingereza, katikati ya miaka ya 2000.

Tulikuwa mtaa wa Handsworth, chumba na sebule juu ya duka la vitambaa. Mabasi ya Soho Road yanapita mlangoni. Mke wangu, Mama Grace, alikuwa ameanza kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, bado yuko kwenye majaribio. Ukichelewa mara tatu, mkataba hupati.

Nikapata nyumba ya kupanga Great Barr, pembezoni mwa jiji, vyumba vitatu na bustani. Shule niliishia kidato cha nne, lakini napenda kusoma na kupima mambo. Nikafungua kitabu cha ramani, nikaweka rula kutoka mlangoni hadi bus stop. Mita mia nne. Nikamwambia mke wangu ni dakika tano.

Asubuhi ya kwanza alitumia dakika ishirini na tatu. Basi likamwacha.

Mtaa wetu ulikuwa umefungwa mwisho. Nyuma ya nyumba za mwisho ndiyo barabara ya basi, tulisikia hata breki zake. Lakini kuifikia unapanda hadi juu, unazunguka mtaa wa pili, unashuka tena.

Kutoka mapema hawezi. Mimi nilikuwa night shift kwenye ghala, nafika nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Basi linapita saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Grace ana miaka sita, hawezi kuachwa peke yake. Kwa hiyo mama yake alikuwa anakimbia kila siku.

Wiki ya nne akachelewa tena. Sikumbuki kama ilikuwa mvua au barafu.

"Baba Grace," akaniambia, "hiyo rula yako haijawahi kuvaa viatu. Mwisho wa mwezi turudi Handsworth."



Kulikuwa na kosa jingine, na hili tulilibeba kutoka nyumbani. Kwetu Morogoro, anayehamia anatulia ndani. Majirani ndio wanaokuja kumkaribisha na kumwelekeza sokoni na kwenye maji. Basi tukangoja. Wiki tano hakuna aliyebisha hodi. Tukaamua kwamba watu wa pale ni baridi.

Jumamosi moja Mama Grace akakaanga maandazi, akajaza sahani. "Wakitufukuza tutayala wenyewe," akasema.

Jirani wa kushoto alikuwa mzee wa Kiingereza, nitamwita Derek. Alifungua mlango, akatazama sahani, akatutazama sisi.

"Hatimaye," akasema. "Nilidhani nitakufa kabla hamjaja."

Nikamwambia tulikuwa tunamsubiri yeye.

"Mimi? Hapa hatumsumbui mtu anayehamia. Tunamwacha apumue."

Grace akadakia kwa Kiingereza chake kwamba mama hukimbia kila asubuhi.

"Nimemwona," mzee akasema. "Nikajua ni mazoezi. Kwani anaenda wapi?"

"Bus stop," nikajibu.

"Sasa mbona hapiti uchochoroni?"

Akavaa koti, akachukua andazi la njiani. Mwisho wa mtaa, pembeni ya gereji, akasukuma matawi ya ua wa miti. Nyuma yake palikuwa na njia nyembamba kati ya uzio na uzio. Tukatokea bus stop. Nikaangalia saa: dakika sita.

Akatueleza kwamba pale palikuwa shamba, na ng'ombe wa maziwa walipita hapo. Baadaye nilikwenda maktaba nikaomba ramani za zamani, na njia ipo. Shamba liliuzwa vipande vipande, kila mjenzi akaelekeza mitaa yake alikotaka. Ila watu walikuwa na haki ya kupita pale, hakuna aliyeruhusiwa kuziba. Kitongoji kizima kimeota kuizunguka, na kitabu changu cha ramani hakikuichora.

Mama Grace hakuchelewa mara ya tatu. Mkataba alipata, na Handsworth hatukurudi.

Mzee hakuishia hapo. Kila ua ulipoota alitoka na mkasi kupunguza matawi, uniform ya mke wangu isilowe. Hatukuwahi kumwomba.

Nilichojifunza: nyumba ya pembezoni ipime kwa miguu, saa ileile utakayokwenda kazini. Na ukihamia, bisha hodi wewe. Huenda mwenyeji naye anakungoja.

Derek alishafariki. Mkasi wake aliniachia, na ule ua sasa naukata mimi.

Ninyi mliohamia pembezoni, nani aliwaonyesha njia? Karibuni.